Ushauri Niliokupa kwa Miaka Ishirini

Katesh, Hanang,
Jumanne, 12 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu Lohay,

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na marahaba kwa sababu nakujua: ukifungua tu bahasha hii utasema shikamoo kaka, hata kama uko peke yako zizini na ng'ombe ndio wanaokusikia. Habari za hapo nyumbani Masieda? Shemeji Rogathe hajambo, na ule mgongo uliokuwa unamsumbua wakati wa palizi umetulia? Violeth na wadogo zake wanaendeleaje? Nadhani sasa mahindi mmeshayapukuchua na maharage yako ndani. Na yule ng'ombe wa mabaka uliyesema ana mimba kubwa kuliko kawaida, amezaa salama? Mimi mwili ni mzima, nakula, natembea. Kuhusu mengine, soma taratibu mpaka chini na usiruke mistari, maana una tabia ya kuanza kusoma barua kutoka mwisho.

Utashangaa kuona nimeandika Katesh hapo juu wakati unajua mimi ni mtu wa Tunduru. Nimefika hapa siku tano zilizopita. Nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja mfanyabiashara, Bi Safina, mwenye duka la vitenge na chupa za chai karibu na stendi. Kila asubuhi nabeba begi langu mpaka stendi nipande gari la Dongobesh, nije nyumbani nikuambie kwa mdomo wangu, na kila asubuhi nalirudisha begi chumbani. Jana Bi Safina aliniuliza kama kuna mahali nimefanya kosa. Nikacheka. Yeye hakucheka, aliniongezea chai akaenda kuhudumia wateja. Basi nikaona heri niandike, kwa sababu kwenye simu ningekata, na mbele yako ningeanza kuzungumzia mvua.

Barua yako niliipata. Violeth aliipiga picha vizuri, kurasa zote tatu, nikaisoma kwenye simu mpaka nikaikariri. Umeniandikia yaliyokupata mnadani: kwamba ulikuwa unamchoma sindano ndama wa mzee Nikolausi mwenye ugonjwa wa ndigana, akaja bwana mmoja mwenye koti jeupe na kitambulisho shingoni, akakunyang'anya sindano mbele ya watu, akakuuliza cheti chako cha mifugo kiko wapi, ukaanza kujieleza kama mwenye kosa. Umesema watu wale wale uliowatibia ng'ombe miaka yote, wale wanaokuita daktari wakiwa na shida, walitazama chini. Umesema hukuudhika. Lohay, acha bwana! Uliudhika. Mimi niliudhika kwa niaba yako nikiwa kilomita zaidi ya elfu moja, na nilikuwa na sababu ya kuudhika ambayo wewe huijui bado.

Kisha ukaandika lile jambo lenyewe. Kwamba Violeth ameona tangazo la chuo cha mifugo, kozi ya mwaka mmoja, wanachukua hata watu wazima wenye uzoefu mradi wapeleke cheti halisi cha kidato cha nne kabla ya tarehe ishirini na tisa mwezi huu. Kwamba una miaka thelathini na tisa na huoni nafasi nyingine itakayokuja baada ya hii. Kwamba cheti hunacho, kwa hiyo unataka kwenda polisi kuandikisha upotevu, halafu uombe utolewe kingine. Ukamalizia kama unavyomalizia siku zote, kwamba hutapiga hatua mpaka kaka yako aseme niende au niache, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyefika, na ushauri wangu haujawahi kukupoteza. Haujawahi kukupoteza! Niliposoma hapo nilitoka darasani nikawaacha watoto na hesabu zao ubaoni.

Hebu tuutazame huo ushauri wangu, mimi na wewe, bila haraka.

Mara ya kwanza ulipotaka kwenda chuo cha mifugo ulikuwa na miaka ishirini na mbili, hujaoa. Nilikuandikia kurasa nne. Nikasema chuo hakiwezi kumfundisha mtu kitu ambacho Mungu ameshampa mkononi. Nikasema waliosomea vitabuni wanaogopa hata kushika mkia, wakati wewe ulimtoa ndama aliyekaa vibaya tumboni ukiwa darasa la sita, baba amekushikia taa tu. Mtu wa namna yako, nikasema, akienda chuo atarudi mjinga. Fuata moyo wako, usifuate karatasi. Mama aliniambia uliibandika barua ile ukutani, kando ya kalenda ya parokia, na kila mgeni akija unamsomea.

Mara ya pili ni pale kijiji kilipotafuta mtendaji na watu wote wakalitaja jina lako. Safari hiyo sikuandika. Nilipanda mabasi siku tatu nikaja mwenyewe. Unakumbuka? Machozi yalikutoka kwa furaha kwamba kaka ameacha kazi yake aje kukushauri, ukachinja yule kondoo mwenye mkia mnene uliyekuwa unamtunzia Krismasi. Nikakaa nikala nyama yako, nikakuambia ajira ni utumwa, mtendaji ni mtu wa kutukanwa na kijiji kizima, mwanamume mwenye akili anajiajiri, analima vitunguu swaumu, anakuwa bosi wake mwenyewe. Niliongea vizuri sana siku ile. Hata baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliitikia kwa kichwa. Kesho yake ukaenda ofisini kuondoa jina lako. Mwaka uliofuata vitunguu vikaoza shambani, na hukunilaumu hata kwa neno moja. Ungenilaumu kidogo tu, pengine ningelala vizuri zaidi.

Huko kazini, nikuambie, mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha. Mahafali ya darasa la saba hayafanyiki bila mimi kusimama niwaambie watoto siri ya mafanikio. Nina hotuba yangu, naijua kwa moyo. Nawaambia wajitume, wasikate tamaa, wapende wanachokifanya na kazi itawapenda. Wazazi wanapiga makofi. Mwaka jana mzazi mmoja aliniletea jogoo kwa ajili ya maneno hayo. Siri yenyewe sijawahi kuwaambia, na sasa lazima nirudi nyuma ili uielewe.

Wewe ni mtoto wa kiume wa mwisho. Kwa desturi yetu nyumba ni yako. Ulibaki na wazazi, umewazika, shamba la nyumbani na zizi ni lako, na hakuna aliyekaa kikao kulijadili hilo kwa sababu halijadiliwi. Sisi wakubwa tunatoka, kila mtu na kwake. Nilipofeli kidato cha nne, sifuri iliyonyooka kabisa, baba aliniita akiwa anachonga mpini wa jembe. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nyumba ni ya Lohay kama ninavyojua, kwa hiyo nianze kutazama mabondeni huko, maana ardhi bado ipo. Akaendelea kuchonga. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sifuri mkononi, na sina mahali pa kuchomeka jembe. Wewe ulikuwa na nyumba hata ndevu hazijaota, halafu miaka michache baadaye ukafaulu pia. Nilikuchukia, Lohay. Naandika neno hili wazi kwa sababu ndilo lenyewe. Si kila siku, wala si kwa moyo wote, lakini ilitosha kwa nilichofanya.

Mwaka ule wa ukame ulipeleka ng'ombe Yaeda Chini, ukakaa huko miezi mingi, hakuna simu, hakuna barabara ya maana. Vyeti vya kidato cha nne vilipofika, ulikuwa umeshanituma kabla hujaondoka nikakuchukulie chako. Nikaenda, nikasaini, nikakipokea. Nikashuka Yaeda Chini kwa miguu nikakuambia mchwa waliingia stoo ya shule wakala boksi zima. Ulicheka. Ulisema basi, hata mchwa wanahitaji elimu, ukanimiminia maziwa. Mchwa hawakula kitu, mdogo wangu. Wakati tunakunywa maziwa yale kwenye kibuyu kimoja, cheti chako kilikuwa ndani ya shati langu, kimegusa ngozi.

Sikurudia mtihani Babati kama nilivyowaambia nyote. Sikurudia mtihani mahali popote. Niliomba chuo cha ualimu kwa cheti chako na kwa jina lako, na vyeti vya miaka ile havikuwa na picha. Hapo nyumbani wewe ni Lohay na mimi ni Bura, majina ya ubatizo tunayaacha kanisani, kwa hiyo hapakuwa na wa kushtuka. Baba aliuza dume jekundu nikaenda kusoma. Nilipomaliza nikaomba mwenyewe kupangiwa mbali, kusini kabisa, wenzangu wakaniona mzalendo. Yoakimu Qamara anayefundisha Tunduru mwaka wa kumi na nane huu, ni mimi. Mke wangu ananiita Yoakimu. Wanangu wameandikishwa kwa jina hilo. Sebastiani, jina nililobatizwa mimi, halijulikani na mtu yeyote huko.

Sasa rudi juu usome upya ushauri wangu. Chuo cha mifugo kingekudai cheti, ungekifuatilia, wangekuta Yoakimu Qamara wawili. Utendaji vilevile. Kila ulipokaribia mahali panapotaka ile karatasi, nilikuwa nimeshafika mbele yako na maneno matamu ya moyo na kipaji, nikakugeuza urudi shambani. Hukukosa bahati. Uliuziwa maneno na ndugu yako.

Na ule mwaka wa uhakiki wa vyeti! Walikuwa wanatafuta watu wawili waliokalia cheti kimoja. Shuleni kwetu tulikuwa na Bonaventura, mwalimu wa hisabati ambaye sijaona wa mfano wake, na yeye pia alikuwa kwenye cheti cha mtu. Mwenye cheti alikuwa ameajiriwa mkoa mwingine, kwa hiyo majina yakagongana, na Bonaventura akaondoka siku hiyohiyo, hata chaki mfukoni hajazitoa. Wanafunzi walilia. Mimi nilipita safi, nikasifiwa. Unajua kwa nini nilipita? Kwa sababu wewe ulikuwa Masieda unalima vitunguu swaumu.

Nimejitetea miaka yote hii, usidhani sikujitetea. Nilijiambia kwamba baba alikupa nyumba na mimi nikajigawia cheti, hivyo urithi umekwenda sawa. Nilijiambia wewe hukukihitaji. Nilijiambia nimewafundisha kusoma watoto zaidi ya elfu, na hilo ni kweli, mimi ni mwalimu mzuri, hata leo nalisema. Lakini nyumba wewe hukuiba. Ulipewa, na ukailipa kwa kumgeuza baba kitandani miaka miwili mimi nikituma salamu.

Mama alijua. Utakumbuka alipokuja kwangu kwa ajili ya macho, aliaga anakaa mwezi, akarudi baada ya siku nne, mkabaki mnajiuliza mke wangu alimfanyia nini. Mke wangu hakumfanyia kitu. Siku ya tatu mzazi mmoja alipita nyumbani akaniita Mwalimu Yoakimu. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka ukaisha, ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba yeye katika maisha yake alibatizisha Yoakimu mmoja tu, na amemwacha nyumbani anakamua. Kesho yake akaomba nimkatie tiketi. Uliwahi kuniambia kwa mshangao kwamba mama amekuwa wa ajabu, mchele na sukari ninayotuma anagawa kwa majirani, yeye haonji. Sasa unajua. Hakukuambia kwa sababu alitaka nikuambie mimi. Alingoja miaka minne, akafa akingoja.

Kwa hiyo usiende polisi. Hujapoteza kitu. Cheti chako kimo ndani ya bahasha hii, kwenye mfuko wa plastiki, na hakina doa. Pamoja nacho nimeweka nakala ya barua niliyoipeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla sijaondoka Tunduru, nikieleza yote kwa jina langu halisi, na nimeandika wazi kwamba wewe hukujua lolote. Niliipeleka kabla ya kuja huku ili nisipate pa kurudi nyuma, maana najijua. Kazi imekwisha, kiinua mgongo kimekwenda, na mahakamani nitaitwa. Mke wangu nimemwambia.

Usije ukanisifu kwa hili. Barua yako ilikaa kwangu wiki tatu, na mara tatu nilianza kukujibu kwa ule ushauri wa kawaida: kwamba umri umekwenda, kwamba kozi za siku hizi ni za kula hela za watu, kwamba heri umsomeshe Violeth. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaandika fuata moyo wako, na nikaona kwamba nitaituma, na wewe utatii, na utaibandika ukutani. Nikaichana. Hicho tu ndicho kitu chema nilichofanya, na nilikifanya kwa kuchelewa miaka ishirini.

Umeuliza uende au uache. Nenda. Nenda kesho, usingoje tarehe ishirini na tisa. Beba cheti ndani ya daftari gumu kisikunjike, chukua na kadi yako ya ubatizo, na barua ya kijiji inayosema wewe ndiye Yoakimu Qamara, mtoto wa mzee Qamara. Ukifika usianze kujieleza kwa unyonge kama ulivyofanya mnadani. Sijui kama watakupokea. Kwenye makabati yao wewe ni mwalimu wa miaka kumi na minane, na huenda watakuzungusha ofisi hadi ofisi mpaka muda upite. Wape nakala ya barua yangu, wanipigie simu, nitajibu kila swali. Lakini sikufichi: inawezekana nimekufungia mlango hata baada ya kukurudishia ufunguo. Hilo ndilo linalonitesa hapa Katesh kuliko habari za mahakama.

Violeth aliniomba nimwandikie ushauri wa maisha na mafanikio, ausome mbele ya darasa lake kwa kuwa amewaambia wenzake mimi ndiye mtu anayetaka kufanana naye. Mwambie baba mkubwa hana ushauri. Mwambie akamwandike yule aliyemtoa ndama wakati wengine wote wamemkatia tamaa, na ambaye miaka ishirini amefanya kazi anayoipenda huku akikatazwa na mtu anayempenda.

Nitakuwa hapa kwa Bi Safina mpaka Ijumaa, kisha narudi Tunduru kujibu nitakayoulizwa. Nyumbani sitakuja mpaka uniite. Usiponiita sitauliza kwa nini. Barua hii na bahasha yake anakuletea dereva wa gari la Dongobesh, nimemwambia asiitoe ila mkononi mwako.

Nisalimie sana shemeji Rogathe, na umwombe asikuzuie kukasirika. Wasalimie watoto. Msalimie mzee Nikolausi, natumaini ndama wake alipona. Ukipita kaburini kwa mama, mwambie nimeshakuambia.

Ile marahaba niliyoanza nayo pale juu naifuta. Miaka yote hii umeniamkia, nami nikaitikia huku nimekaa ndani ya jina lako. Leo naamkia mimi, kaka mtu, na kama huna moyo wa kuitikia, usiitikie.

Shikamoo, Yoakimu.

Ni mimi,
Sebastiani Bura Qamara